Nani Awe Jini, Nani Awe Adili?

Jumamosi ya juma lililopita, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa nimeketi barazani kwangu hapa Ngamiani nikingoja chai. Akafika mama mmoja jirani yetu. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizana habari za nyumbani kama desturi yetu watu wa pwani inavyotaka, alikaa kimya kwa kitambo akiukunja upindo wa kanga yake. Kisha akasema, "Baba, nimekuja kwa jambo la mtoto. Huenda wewe ukaliona dogo, lakini kwangu mimi si dogo."

Jambo lenyewe, ndugu wasomaji, lilikuwa hili. Mwanawe wa kiume ana umri wa miaka 13 na yuko katika shule moja ya msingi ya hapa mjini. Mtoto huyo amezaliwa na ualbino. Shuleni kwao wanatayarisha mchezo wa kuigiza kwa ajili ya siku ya wazazi, na mchezo huo wameutoa katika kitabu cha Adili na Nduguze cha marehemu Sheikh Shaaban Robert. Mtoto wetu alitamani kuwa Adili. Kitabu kile amekisoma mara nyingi, akikisogeza karibu na uso kwa sababu macho yake ni dhaifu, na baadhi ya maneno ya Adili ameyahifadhi kwa moyo. Lakini kabla hajafumbua kinywa kusoma, alikwisha kugawiwa sehemu yake. Awe jini. "Wewe hutatupa taabu ya kukupaka unga," aliambiwa, na darasa zima likacheka.

"Siku ya kwanza nilisema ni mchezo tu," akaendelea mama yule. "Lakini juzi nilimtuma dukani, nikawasikia watoto wa barabara ya pili wakimfuata nyuma na kuimba, jini huyo, jini huyo! Baba, wewe unajua mambo yaliyotokea katika nchi hii. Mtoto anayeitwa jini leo, kesho ataitwa nini? Nimwondoe katika mchezo, au nimwache?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba anipe muda nifikiri, kwa maana mwenye haraka ya kujibu swali la mzazi mwenziwe aghalabu hujijibu mwenyewe. Leo napenda kulijibu swali lake mbele yenu. Hapana shaka wako wazazi wengine, wafanyakazi wa bandarini, wa relini, wa viwandani na wa maofisini, ambao watoto wao nao wamegawiwa sehemu katika hadithi kabla hawajaulizwa wanaweza nini.

Ubishi huu si wa Tanga peke yake

Kwanza tufahamu kwamba swali la nani afae kuwa shujaa katika hadithi za maajabu linabishaniwa leo karibu duniani kote. Huko Marekani yuko mwandishi aitwaye Rick Riordan, ambaye tangu mwaka 2005 ameandika vitabu vya vijana vinavyoichukua miungu ya Wagiriki wa kale na kuileta katika maisha ya siku hizi. Mwaka 2022, vitabu hivyo vilipokuwa vikitengenezewa mchezo wa televisheni, msichana mweusi aitwaye Leah Jeffries alichaguliwa kuigiza Annabeth, ambaye kitabuni ameelezwa kuwa binti mweupe mwenye nywele za rangi ya dhahabu. Msichana yule alikuwa na umri wa miaka 12. Walitokea watu wazima, wenye akili zao, wakamshambulia kwa maneno makali kana kwamba ameiba kitu. Mwandishi mwenyewe alilazimika kujitokeza hadharani kumtetea, akasema kwamba binti huyo alichaguliwa kwa kuwa anaifaa sehemu ile, na kwamba wanaomkataa kwa sababu ya rangi yake hawakukielewa alichokuwa akifundisha katika vitabu vyake. Mchezo ulianza kuonyeshwa mwezi Desemba 2023.

Katika ubishi huo pana kambi tatu. Kambi ya kwanza husema kwamba kitabu kikishaandika nywele za dhahabu basi ziwe za dhahabu, na anayebadili ameharibu. Kambi ya pili husema kwamba shujaa ni moyo na akili, wala si ngozi. Kambi ya tatu husema jambo lenye uzito zaidi. Huuliza kwa nini mtoto mweusi avalishwe joho la Mgiriki, ilhali babu zake walikuwa na ngano zao wenyewe? Katika kambi hii ya tatu yumo Tomi Adeyemi, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, ambaye mwaka 2018 alitoa kitabu cha vijana kilichojengwa juu ya miungu na imani za Wayoruba. Na Riordan mwenyewe, kuanzia mwaka huo huo wa 2018, amelipa jina lake kundi la vitabu vinavyoandikwa na watu wa mataifa mbalimbali juu ya ngano za kwao.

Kwa mbali mtu anaweza kudhani kwamba ubishi huu ni wa watu walioshiba. La hasha. Sisi hapa pwani tumeusoma kwa miaka mingi bila ya kuujua.

Meno ya Kapteni Good

Wale waliosoma zamani watakikumbuka kitabu cha Mashimo ya Mfalme Sulemani. Kiliandikwa na Mwingereza Rider Haggard mwaka 1885, kikatafsiriwa kwa Kiswahili na Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1929. Kilikuwa kitabu kitamu, na utamu wake ndio uliokuwa hatari yake. Kuna mahali ambapo wasafiri wa Kizungu wanakutana na watu wa nchi ya Wakukuana, na karibu wauawe. Mmoja wao, Kapteni Good, ana meno ya bandia. Kwa hofu anayagusagusa, yanatoka, anayarudisha. Wenyeji wanashikwa na kitetemeshi. Tangu hapo wageni wale wanahesabiwa kuwa si watu wa kawaida, bali wametoka nyotani.

Nakumbuka sisi wavulana tulipokisoma tulicheka mpaka tukashika mbavu. Tuliwacheka Wakukuana kwa ujinga wao. Hapana hata mmoja wetu aliyeuliza, hawa tunaowacheka ni akina nani? Tulikuwa tumekaa darasani Tanga, watoto weusi arobaini, tukiwaangalia watu weusi kwa jicho la mtu aliyesimama upande wa pili na meno yake mkononi. Kitabu hakikutufukuza. Kilitukaribisha, lakini kilituonyesha kiti cha kukalia, na kiti hicho hakikuwa cha shujaa. Hata yule binti mwema wa kitabu hicho, Foulata, anayempenda Mzungu mmojawapo kwa moyo safi, mwandishi amemwua pangoni kabla ya safari kwisha, asije akaleta taabu ya ndoa.

Sitaji haya ili watu wakichome moto kitabu kile. Nayataja ili tuone namna hadithi inavyogawa sehemu. Yupo anayepewa kustaajabiwa, yupo anayepewa kustaajabu, na yupo anayepewa kufa mapema.

Mtu wa Vibambani alivyofanya

Sasa na tumtazame mwandishi wetu wenyewe. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na mji huu wa Tanga, mwaka 1909, akawa karani wa forodha na wa ofisi nyingine za serikali ya kikoloni, akafariki mwaka 1962. Mwaka 1951 alitoa Kusadikika, habari ya nchi iliyo angani. Mwaka 1952 kikatoka Adili na Nduguze.

Wengi hawajui kwamba kisa cha Adili kina asili yake katika masimulizi ya Alfu Lela Ulela. Huko kuna mtu aitwaye Abdallah, na ndugu zake wawili wanaogeuzwa mbwa kwa ubaya waliomtendea. Khalifa wa Baghdadi ndiye anayesikiliza habari yao. Je, karani yule wa forodha alifanya nini na mzigo huo uliotoka nchi ya mbali? Aliufungua, akaukagua, akaupakia upya. Baghdadi ikawa Ughaibu. Khalifa akawa Mfalme Rai. Mbwa wakawa manyani. Na watu akawapa majina ambayo si ya kabila wala ya ukoo, bali ni ya mwenendo wao. Huyu ni Adili, nduguze ni Hasidi na Mwivu.

Tafadhali tuyaangalie majina hayo. Mtu hawi Adili kwa sababu ya baba yake, wala hawi Hasidi kwa sababu ya rangi yake. Anaitwa hivyo kwa anayotenda. Hasidi na Mwivu wanamtosa baharini ndugu yao aliyewatendea mema, na Huria, binti wa mfalme wa majini, anamwokoa na kuwaadhibu wale wawili kwa kuwageuza manyani. Umbo linabadilika kwa sababu ya tendo. Na linapobadilika tena mwishoni, wakarudi kuwa watu, ni kwa msamaha.

Kwa hiyo mtu akiniuliza Adili wa kweli ana sura gani, nitamjibu kwamba mwenye kitabu alikwisha kujibu. Ana sura ya uadilifu. Mwalimu anayechagua Adili kwa ngozi amekisoma kitabu hicho kinyume. Amefanya kazi ya Hasidi kwa maneno ya Adili.

Kigego wa Unguu

Lakini nataka twende mbali zaidi ya Shaaban Robert, tupande milima ya Usambara. Huko kuna kisa ambacho, kwa maoni yangu, kinashinda vyote nilivyovitaja. Kimeandikwa katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, aliyeishi miongoni mwa Wakilindi na kuwajua kwa karibu. Kitabu hicho kilipigwa chapa kwanza kwa sehemu na misheni ya Magila, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kisha kikatolewa tena mwaka 1962.

Shujaa wake ni Mbegha, mtu wa Unguu. Mbegha alipokuwa mchanga aliota meno ya juu kwanza. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, na kwa desturi za watu wengi wa nchi zetu siku hizo kigego hakuachwa aishi, kwa kuwa iliaminiwa kwamba analeta vifo katika ukoo. Wazazi wa Mbegha hawakumtupa. Walimlea akakua. Lakini walipokwisha kufariki, ndugu zake wakamkatalia urithi, wakamtupia lawama za misiba ya ukoo. Mbegha akatoka na mbwa wake na silaha zake, akawa mwindaji wa porini, mtu asiye na kwao.

Alifika Kilindi akapata rafiki, mtoto wa mtawala wa huko. Rafiki huyo akafa walipokuwa wakiwinda nguruwe, na Mbegha akalazimika kukimbia tena na wenziwe. Walilala mapangoni na misituni. Watu wa milimani waliuona moshi wa moto wake, wakamwendea kwa hofu. Yeye akawapa nyama. Wao wakampa vyakula vya shamba. Nguruwe mwitu walikuwa wakiwamalizia mazao, akawawinda. Walikuwa na magomvi yao. Akawaamulia kwa haki. Sifa zake zikaenda mji hadi mji mpaka Vugha wakamwita. Ukaja usiku wa simba, na Mbegha akamwua simba. Watu wa Vugha wakamfanya mfalme, na wafalme wa Wakilindi wakatoka katika ukoo wake.

Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya ufalme wa Washambaa, amekichunguza kisa hiki kwa makini kama kilivyosimuliwa na watu mbalimbali, akaonyesha namna kinavyomtoa mtu wa porini, aliyekataliwa, na kumfikisha katikati ya mji. Hatusemi kwamba kila neno lake ni historia. Wala hatusemi kwamba ni hadithi ya watu wote. Wabondei, waliowaasi Wakilindi katika karne ya 19, bila shaka wana namna yao ya kuwaeleza watawala hao. Kila hadithi ina mwenyewe, na msikilizaji mwangalifu huuliza mwenyewe ni nani.

Hata hivyo tazameni mizani ya hadithi hizi mbili za meno. Katika kitabu cha Haggard, meno ya mgeni yanamfanya aheshimiwe bila ya kutenda lolote. Katika kisa chetu, meno ya mtoto yanamfanya achukiwe bila ya kutenda lolote. Lakini wasimulizi wetu hawakuishia hapo. Hawakusema kwamba meno yale yalikuwa na nguvu za ajabu zilizomfikisha kwenye kiti. Walisema kwamba Mbegha alikuwa mwindaji hodari, mkarimu wa nyama, mwamuzi wa haki. Dawa za uwindaji alikuwa nazo, kama wawindaji wote wa siku hizo, lakini alizipata kwa kujifunza, hakuzaliwa nazo kinywani. Meno yalimfanya atupwe, na kazi ndiyo iliyomfanya mfalme.

Kabla ya panga, hadithi

Sasa turudi kwa mtoto wa jirani yangu, kwani yeye hana meno ya juu, ana ngozi isiyo na rangi. Na hapa lazima tuseme wazi, maana ukurasa huu ni wa familia na familia haijengwi kwa kufichana.

Ualbino ni hali ya kurithi. Mwili unakosa rangi ya kutosha katika ngozi, nywele na macho. Ili mtoto azaliwe nao, kwa kawaida ni lazima arithi chembe hiyo kutoka kwa baba na mama wote wawili, hata kama wao wenyewe wana ngozi nyeusi. Kwa hiyo mume anayemfukuza mke kwa kumzaa mtoto mwenye ualbino anamfukuza kwa jambo ambalo yeye mwenyewe ni nusu yake. Jua huwaunguza watoto hawa na laweza kuwaletea saratani ya ngozi. Macho yao huona kwa taabu. Wanahitaji kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kuzuia jua, na kukaa mbele darasani. Ni hayo tu.

Lakini juu ya hayo, watu walipachika hadithi. Walisema kwamba watu wenye ualbino ni mizimu. Walisema kwamba hawafi, bali hutoweka. Walisema kwamba viungo vyao huleta utajiri. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 nchi yetu iliona, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, watu wakiuawa na kukatwa viungo kwa ajili ya uongo huo. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa Mbunge, na mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Salum Barwany, na wote wawili ni watu wenye ualbino. Mwezi Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli, na mwaka huo huo dunia ikaanza kuiadhimisha tarehe 13 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Uelewa juu ya Ualbino. Hatua hizo zilikuwa njema. Walakini mwishoni mwa mwezi Mei 2024, huko Muleba mkoani Kagera, mtoto wa kike ambaye hajafikisha hata miaka mitatu alinyakuliwa nyumbani kwao, na mwili wake ukapatikana mwezi uliofuata.

Ndugu wasomaji, kabla panga halijanyanyuliwa, kulikuwa na hadithi. Mtu hamwui jirani yake aliyemwona akizaliwa, akinyonya na kuchechemea, huua mzimu. Na ili jirani awe mzimu, ni lazima mtu fulani, mahali fulani, awe amesimulia hivyo, na wengine wawe wamecheka au wamenyamaza. Ndiyo sababu mama yule alipoyasikia maneno jini huyo hakuyasikia kama mchezo. Aliyasikia kama ukurasa wa kwanza.

Je, tumpe uchawi?

Wako wanaosema dawa ni kumpa mtoto huyo sehemu kubwa ya maajabu. Mwandishi Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, mwaka 2011 alitoa kitabu cha vijana kiitwacho Akata Witch. Shujaa wake ni Sunny, msichana mwenye ualbino mwenye umri wa miaka 12, anayeishi katika mji wa Aba, mpenda kandanda anayeshindwa kucheza mchana kwa sababu ya jua. Sunny anagundua kwamba ana nguvu za ajabu. Katika kitabu hicho, yale ambayo watu huyaita kasoro ndiyo huwa mlango wa vipaji. Rafiki yake mmoja anayepata taabu ya kusoma ana uwezo wa kuyatengua mambo yaliyofungwa. Riordan naye amefanya karibu na hivyo, kwani shujaa wake Percy hupata taabu ya kusoma kwa kuwa ubongo wake, tunaambiwa, umeumbwa kwa Kigiriki cha kale.

Naliheshimu jambo hilo. Msichana mwenye ualbino akiwa shujaa wa kitabu, mwenye marafiki, hasira, mapenzi ya mpira na maneno ya kujibu, ni neema ambayo sisi hatukuwa nayo darasani kwetu. Walakini hapa kwetu naomba tuongeze uangalifu. Katika nchi ambayo mtoto ameuawa kwa sababu ilisemwa kwamba mwili wake una nguvu, kumwambia mtoto huyo na wenzake kwamba ndiyo, mwili wako una nguvu, ila ni nguvu njema, ni kuacha mzizi ardhini na kubadili majani. Jini mwema bado ni jini. Na Sunny akipata nguvu zake, jua nalo linakoma kumwumiza. Mtoto wa jirani yangu atafunga kitabu, atatoka nje, na jua la Tanga litakuwa pale pale.

Ndiyo maana nashikamana na Mbegha. Hadithi ya kumheshimu mtoto aliye tofauti ni ile inayompa mkono wa kufanya kazi, moyo wa kutoa na kichwa cha kuamua. Ile inayougeuza mwili wake kuwa hirizi, hata ikiwa hirizi ya heri, bado haijamwona. Mtoto hataki kuwa muujiza. Anataka kuitwa jina lake.

Jibu langu kwa mama

Basi jibu langu lilikuwa hili: usimwondoe katika mchezo. Ukimwondoa, watabaki na jini mwingine na somo lile lile. Twende shuleni.

Tulikwenda siku ya Jumatano. Mwalimu alitupokea kwa adabu. Ni kijana mwenye bidii, mwenye darasa lililojaa, na nilipomweleza alishika kichwa. Hakuwa amekusudia ubaya. Alitaka kuokoa unga. Mengi ya mabaya tunayowatendea watoto huja kwa njia hiyo ya kuokoa unga. Tulikubaliana mambo manne, nami nayaweka hapa kwa faida ya walimu na wazazi wengine.

La kwanza, sehemu zote zigawiwe upya, na kila mtoto asome kwa sauti mbele ya wenzake, wenzake wakimsikiliza wakiwa wamempa mgongo. Aliyeisoma sehemu vizuri ndiye aipate. La pili, anayekuwa jini, awe ni nani, avae joho la kijani na kilemba, wala asipakwe kitu cheupe usoni. La tatu, maneno ya mchezo yaandikwe kwa herufi kubwa, na mazoezi yafanyike chini ya mwembe, si katikati ya kiwanja saa saba mchana. La nne, mwalimu awaeleze watoto ualbino ni nini kwa maneno ya somo la sayansi, bila ya kumsimamisha mtoto mbele kama picha ya ukutani.

Na nyumbani, wazazi wenzangu, kuna la tano. Tusimulie. Siku hizi mtoto akikaa na simu anawajua mashujaa wa Ugiriki na wa Skandinavia kwa majina, lakini wa Usambara hamjui. Kosa si lake. Mtu hawezi kuliitikia jina ambalo hakuitwa. Mpeni habari za Mbegha usiku mmoja, umeme ukiwapo au usipokuwapo. Na mkisimulia, angalieni ni nani mnayempa kuwa mjinga, ni nani mnayempa kuwa mchawi, na kwa nini kila mara ni kizee, au mtu wa bara, au mtu mweusi zaidi ya wengine. Ngano zetu nazo zina viti walivyokalishwa watu bila ya kuulizwa. Kuwaonea Waingereza wa mwaka 1885 ni rahisi. Kujikagua wenyewe ndiyo kazi.

Jana jioni mtoto mwenyewe alipita barazani na kofia yake ya ukili kumletea mke wangu mchele wa kukopa uliokuwa ukirudishwa. Nikamwuliza habari za mchezo. Akaniambia kwamba wamekwisha kusoma upya. Sehemu ya Adili imechukuliwa na msichana mmoja mwenye sauti nzuri, na wote wamekubali kwamba anastahili. Nikataka kumpa pole.

"Na wewe je?" nikamwuliza.

"Mimi ni Mwivu," akasema, na meno yake yote yakaonekana. "Nitamtosa Adili baharini, halafu nitakuwa nyani, nitavaa ngozi ya gunia. Hakuna atakayeniona uso."

Nikamwuliza kama hakuona vibaya kukosa kuwa Adili, au hata kupewa mtu mbaya. Alinitazama kama watoto wanavyowatazama wazee waliochelewa kuelewa.

"Babu," akasema, "Mwivu ana maneno mengi kuliko jini. Na ubaya wake ameufanya mwenyewe."